Bwana Raza hakuwa mtu mbaya

Chai ilikuwa imeshaletwa. Wanaohudhuria kikao chetu cha kusoma wanajua kwamba mjadala wa kweli huanza maandazi yakishafika mezani, kwa sababu kabla ya hapo kila mtu anajikaza kusema maneno ya darasani: dhamira, ujumbe, matumizi ya lugha. Siku hiyo zamu ilikuwa ya *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya Yasmini, msichana aliyeozwa kwa Bwana Raza akamkimbia. Wengi wa waliokuwepo walianzia kwenye filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ndipo wakarudi kwenye kitabu, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya Denge, mwanasiasa anayependwa na Yasmini, siasa za Unguja ya mkoloni, na kama filamu imemtendea haki Mwajuma, rafiki anayempokea.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ambaye vitabu vyake vyote vimefunikwa kwa gazeti, alikuwa bado hajasema kitu. Akaweka kikombe kwenye kisahani.

"Lakini jamani, Bwana Raza hakuwa mtu mbaya."

Tukamtazama.

"Alimlisha. Alimvisha. Alimpa nyumba. Hakumnyanyulia mkono. Yule binti alikuwa anataka nini?"

Msichana aliyekaa karibu na dirisha akasema, "Ah, mwalimu!" akacheka, watu wakacheka naye, na mtu mwingine akarudisha habari za filamu. Swali likapita.

Kwangu halikupita. Lilinifuata kwenye daladala, likanifuata jikoni, likawa linanijia usiku wakati nimeshazima taa. Kilichonikera hakikuwa kwamba mzee wa watu amesema jambo la ajabu. Kilichonikera ni kwamba nilipojaribu kumjibu kichwani mwangu, kila jibu nililolipata lilikuwa kaulimbiu. Umri haukulingana. Alikuwa mtoto. Hakuulizwa. Yote ni kweli, na yote nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba yalikuwa yamepoteza makali. Mzee hakuuliza kama ndoa ile ilikuwa halali. Aliuliza kuhusu wema. Na mimi sikuwa na la kusema juu ya wema.

## Tukimpima kwa fimbo

Tuwe waadilifu kwa mzee. Hoja yake ina miguu.

Mchukue Zakaria wa *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Binti yake, Rosa, anapata barua ya mvulana, barua tu, na baba anamshushia kipigo. Baba huyo huyo anajulikana kwa ulevi kisiwani Ukerewe kote, na nyumba inasimama kwa mgongo wa mkewe Regina. Halafu mchukue Bwana Maksuudi wa *Utengano*, riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Mbele za watu ni mheshimiwa, mwanasiasa, mtu wa dini. Nyumbani amemfungia binti yake Maimuna kama mali ya kuwekwa, na jioni anatoka kwenda kwa hawara yake Kazija. Baba wa kwanza anapiga, wa pili anafunga.

Sasa mweke Raza kati yao. Ni mwenye duka, mtu mzima aliyevuka hamsini, amemuoa msichana wa miaka 15, na anampenda kwa namna yake. Anajivunia kuwa naye. Anamtunza. Ukiwapanga wanaume hawa watatu ukaambiwa umchague mmoja wa kumwachia binti yako, utasitasita kidogo, utaona aibu, halafu utamtaja Raza.

Hapo ndipo nilipoanza kutokuwa na amani na jinsi tulivyofundishwa kusoma vitabu hivi.

Tuliopita sekondari za Tanzania tunajua jibu la mtihani. Ukiulizwa nani amemharibu Rosa, unaandika *malezi mabaya*, unamtaja Zakaria, unatoa mifano, unapata alama. Jibu hilo linabeba ahadi ndani yake: kwamba baba angekuwa mpole, binti angesalimika. Kinachopimwa ni uzito wa fimbo. Baba mkali ni mbaya, baba mpole ni mzuri, na kazi ya msichana ni kuonyesha matokeo.

Basi Raza ni mpole. Na Yasmini akakimbia.

Kwa hiyo fimbo siyo kipimo. Au siyo kipimo peke yake.

## Nje ya mlango

Nilirudi kwa Rosa nikitafuta kitu kingine. Nilisoma safari hii bila kumwangalia Zakaria, kama mtu anayeziba jua kwa kiganja ili aone kilichopo pembeni yake.

Pembeni kuna wanaume wengi.

Kuna Bwana Maendeleo, mtumishi wa serikali, mtu ambaye mzazi yeyote wa Ukerewe wa miaka ile angemkaribisha kwa heshima na kumpa kiti. Kuna mkuu wa chuo cha ualimu kule Morogoro, ambaye dola imemkabidhi mabinti wa watu awalee na kuwafundisha. Hawa hawapigi mtu. Wana vyeo, wana ofisi, wana lugha laini. Kwa umri na kwa nafasi zao ndio waliotakiwa kushika pale mzazi alipoachia. Na kila mmoja, akishampokea Rosa, anakuja kudai chake.

Darasani tulipita juu yao haraka. Tulisema ukali wa Zakaria ulimfanya Rosa asijue kuishi na wanaume, basi alipotoka nje akaanguka. Wale wanaume waliomngoja huko nje wakawa kama mvua, na lawama yote ikamwendea aliyeshindwa kuezeka nyumba. Nani anailaumu mvua?

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na riwaya hii, ya kwanza kwake, ilitoka mwaka 1971. Ilizuiwa mashuleni kwa muda, kwa hoja ya maadili, kabla ya kuja kuwa kitabu cha kusomwa na kutahiniwa. Fikiria hilo kidogo. Wasichana wakazuiwa kusoma habari za mkuu wa chuo na mwanafunzi wake. Wakuu wa vyuo hawakuzuiwa kitu.

Mwishoni, Rosa akiwa ameshajiua, mwandishi anawakutanisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja na malalamiko yake. Nilipokuwa mwanafunzi ukurasa ule ulinitoa machozi. Safari hii nilisoma nikiwa na swali la mtu wa mahakamani: kwa nini kesi ni ya hawa wawili tu? Bwana Maendeleo hahitaji kujieleza? Mkuu wa chuo yuko likizo?

Sidhani kwamba Kezilahabi alisahau. Aliwaweka wanaume wale kwenye kitabu kwa makusudi, akawapa kazi zao na vyeo vyao, tena bila huruma. Ni sisi wasomaji tuliopenda kesi ya familia. Kesi ya familia ina mwisho: unamlaumu mlevi mmoja, unafunga daftari. Kesi ya mkuu wa chuo ingetubidi tuwatazame watu waliosimama ubaoni wakati tunajibu swali lenyewe.

## Mazoea alikwenda wapi?

Kwa ufupi, kwa sababu jambo hili linanichekesha na kunikasirisha kwa pamoja.

*Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba. Sote tunaijua. Karani wa sensa anafika kijijini, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Ngengemkeni Mitomingi. Wanatoroka. Mzee kwa hasira anazichoma karatasi za sensa. Serikali imepata hasara.

Nimeuliza watu kadhaa waliosoma tamthiliya hii: Mazoea alikuwa anataka nini? Wanakumbuka karatasi. Wanakumbuka pombe. Wanakumbuka umuhimu wa takwimu kwa maendeleo ya taifa. Binti mwenyewe amebaki kuwa sababu ya moto. Kuna wanaume wawili wanaogombana, mmoja baba na mmoja mgeni wa serikali, na kilichoungua kinachotuuma ni makaratasi.

Jina la tamthiliya lenyewe linatufundisha pa kuelekeza lawama. Penzi. Kana kwamba palikuwa na njia halali ya Mazoea kusema kwa baba yake, "Yule uliyenichagulia simtaki," akasikilizwa, halafu karani akaendelea kuhesabu watu kwa raha zake.

## Mzee wa duka

Hapa nilikwama kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujenga hoja nzuri ya hasira na kila mwanaume mzima kwenye hoja hiyo alikuwa mwizi. Na mimi nimelelewa na mmoja ambaye hakuwa mwizi.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, misumari, rangi, mabati. Hakuwa ndugu. Alikuwa akiswali na baba msikiti mmoja, basi. Baada ya arobaini alimwita mama akamwambia asihangaike na ada. Hivyo tu. Kila mwisho wa muhula nilimpelekea ripoti dukani, naye aliisoma amesimama, miwani imeshuka puani, wateja wakisubiri. Hakuwahi kuniambia neno ambalo mama asingeweza kulisikia. Hakuwahi kunigusa hata bega.

Mama alikuwa akinikumbusha kila nikitoka: "Ukipita dukani umwamkie mzee." Nilikuwa sipiti dukani. Nilikuwa nazunguka nyuma, kwa fundi cherehani, ili nisipite. Sikuwa na sababu ya kumwogopa na bado nilikuwa nazunguka.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mzee aliniita. Alikuwa ameshaamua. Nitasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, nitakuwa daktari, mungu akijalia nitatibu watu wa mtaa. Alisema kwa furaha ya kweli. Aliwaambia wateja. "Huyu ndiye daktari wetu." Mimi nilikuwa nataka HKL. Nilikuwa nataka historia na Kiswahili na lugha ya watu wengine, nilikuwa nataka kusoma vitabu hivi hivi ninavyowaandikia leo.

Sikuweza kumwambia kwa mdomo. Nyumbani nilipodokeza, shangazi alisema fadhila ya punda ni mateke, na mama alinyamaza, na ukimya wa mama ulikuwa mzito kuliko methali ya shangazi. Nikaandika barua. Niliipeleka mwenyewe, nikaiweka juu ya mizani ya misumari, nikasimama.

Aliisoma kama alivyokuwa akisoma ripoti. Akaikunja.

"Haya."

Hakuongeza neno. Likizo yote hakunitumia salamu. Mtaani hakuniita tena daktari, na hakuniita kitu kingine. Siku zile ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa sababu ndizo zilizonifumbua macho juu ya Bwana Raza baada ya miaka yote hii.

Katika siku zile nilikuwa tayari kuandika barua ya pili ya kuomba radhi na kuchukua PCB. Niliitunga kichwani, neno kwa neno. Mzee hakuwa amenitishia. Hakuwa amesema atakata ada. Lakini angeweza, na mimi nilijua angeweza, na ujuzi huo ulitosha kunifanya nijikunje mwenyewe bila yeye kuinua kidole. Wema wake wote wa nyuma, ulio wa kweli kabisa, ulikuwa umekaa kifuani kwangu kama deni.

Julai ilipofika, kijana wake wa dukani alileta ada. Bahasha ile ile ya kaki, jina langu kwa mwandiko ule ule. Ndani kulikuwa na noti ya ziada ya kununulia kamusi.

Nilimpenda tangu siku ile. Zamani nilimheshimu na kumshukuru. Kumpenda kulianza na bahasha hiyo. Kwa sababu kabla ya hapo mimi na yeye, sote wawili, hatukuwa na namna ya kuujua wema wake. Ulikuwa haujawahi kukataliwa.

Sasa ninaweza kumjibu mwalimu mstaafu. Raza alimlisha Yasmini na kumvisha, sawa. Lakini ni wapi katika nyumba ile Yasmini angeweza kusema hapana na chakula kikaendelea kuja? Wema wa Raza haukuwa na mahali pa kujaribiwa. Binti alikuwa amekabidhiwa kwake na wazazi, na hapana ya kwanza aliyoweza kuitamka ilikuwa ya miguu.

## Mabinti waliobeba sanduku

Nilipopata kipimo hicho nilianza kukitumia kila mahali, kama mtoto aliyenunuliwa rula, na sehemu iliyonishangaza ni vichekesho.

*Mabepari wa Venisi*, tamthiliya ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri akiwa rais na ikachapwa mwaka 1969, ina mabinti wawili na mababa wawili. Baba wa Portia ameshakufa. Ameacha wosia: masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na mchumba atakayechagua lile lenye picha ya binti ndiye atakayemuoa. Portia ni tajiri, ana akili kuliko kila mwanaume jukwaani, baadaye atavaa joho la kiume na kuwashinda mahakamani, lakini mume hawezi kujichagulia. Analalamika mapema kabisa kwamba utashi wa binti aliye hai umefungwa na utashi wa baba aliyekufa. Huwezi kumwambia marehemu hapana. Marehemu ni baba asiyejaribika kuliko wote.

Yule mwingine ni Jessica, binti Shylock. Baba yake yuko hai, anafunga madirisha, hataki binti achungulie sherehe za barabarani. Jessica anavaa nguo za kiume, anatoroka na Lorenzo, na anachukua sanduku la fedha na vito vya baba.

Nikakumbuka Juliette wa *Three Suitors: One Husband*, tamthiliya ya Mkameruni Guillaume Oyono-Mbia ambayo wengi wetu tuliisoma kidato cha tatu na cha nne. Baba yake, Atangana, ameshapokea faranga laki moja kwa mchumba mkulima, akapokea laki mbili kwa mtumishi wa serikali ili azirudishe zile za kwanza, na kijiji kizima kimekaa kungoja kushiba. Juliette anamtaka Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Anafanya nini? Anazichukua zile laki tatu, anampa Oko, naye anakuja kumlipia mahari kwa fedha za baba mwenyewe.

Tulicheka sana darasani. Sikuona wakati ule kwamba mabinti hawa wawili, wa Venisi na wa Kameruni, wanashinda kwa sababu moja: wameondoka na hela. Kichekesho kinawaruhusu kubeba sanduku. Maimuna wa *Utengano* anatoka kwa baba yake mikono mitupu, na mikono mitupu ndiyo inayompeleka kule alikofika. Rosa hana kitu hata cha kumrudishia mtu.

Nikiwa na miaka kumi na saba, mbele ya mizani ya misumari, ningekuwa na ada yangu mwenyewe mfukoni, ile barua ningeiandika kwa mistari mitatu. Niliandika kurasa nne.

## Kifungu cha 17

Mwaka ule ule wa *Rosa Mistika*, 1971, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kwa mambo mengi ilikuwa sheria ya kupigiwa makofi; iliweka ndoa za dini zote na za mila chini ya paa moja. Kifungu cha 13 kilimruhusu mvulana kuoa akiwa na miaka 18 na msichana kuolewa akiwa na 15. Kifungu cha 17 kilisema msichana aliye chini ya 18 apate kwanza ridhaa. Ya nani? Ya baba yake. Baba akiwa amekufa, ya mama. Wote wakiwa wamekufa, ya mlezi.

Kisome polepole. Mama anapata sauti baba akishazikwa.

Kifungu kile kiliandikwa kama ulinzi. Nia yake, naamini, ilikuwa kwamba mtoto asiozwe ovyo, awepo mtu mzima wa kumwangalia. Ndiyo imani ile ile ya jibu la mtihani: mpate baba mwema, binti atakuwa salama. Zakaria angesaini. Maksuudi angesaini kwa kalamu ya wino wa dhahabu. Wazazi wa Yasmini, katika Unguja ya sheria nyingine na wakati mwingine, walifanya kilicho sawa na kusaini, na walidhani wamemfanyia hisani.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria na mwanaharakati, alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu, akashinda. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ile. Nilifuatilia hukumu hizo kama raia anavyofuatilia habari. Sasa nazifikiria kama msomaji, na naona kwamba mahakama ilifanya jambo ambalo darasa langu la fasihi halikuwahi kulifanya. Haikuuliza kama baba anayesaini ni mwema au mbaya. Iliuliza kwa nini sahihi iwe yake.

## Chumba cha Ng'ambo

Bado kulikuwa na jambo moja linanisumbua. Kama baba mkali anaharibu, na baba mpole hajulikani mpaka akataliwe, msichana aende wapi wakati anasubiri kujua?

Shafi ana jibu, na nililipita mara ya kwanza kwa sababu linakuja likiwa limevaa khanga na linapiga kelele. Yasmini anapokimbia, jamaa zake wanamkataa, ameshawatia aibu. Methali iko tayari mdomoni mwa kila mtu: mkataa pema pabaya panamwita. Na pabaya penyewe, kwa macho ya watu wa mjini, ni Ng'ambo, upande wa makabwela wa mji wa Unguja, kwa Mwajuma, mwanamke maskini anayependa taarabu na maneno na ambaye hana mume wa kumtambulisha.

Mwajuma anampa pa kulala.

Hampi baba mwingine. Hamtafutii mzee mwenye busara wa kumweka chini ya kivuli chake, kama wanavyofanya waandishi wengine wakishamtoa binti kwa baba mbaya. Anamtania, anamvuta kwenye ngoma, anamchosha. Yasmini anaweza kumnunia asubuhi na jioni wakala pamoja. Hapana ndogondogo za kila siku, ambazo kwa Raza hazikuwa na pa kukaa, kwa Mwajuma zinapita bila mtu kuzihesabu.

Sitaki kusema kwamba wanawake ndio dawa. *Utengano* inanikataza. Maimuna anapokimbia anaangukia kwa Bi Farashuu, na Bi Farashuu ana kisa chake cha zamani na Maksuudi. Binti wa adui ameletwa mlangoni, na bibi anamtumia. Anampokea kwa maneno matamu kuliko ya Mwajuma. Tofauti ya nyumba hizi mbili ni kwamba Farashuu anamtazama Maimuna akimwona Maksuudi. Baba bado yumo chumbani. Said Ahmed Mohamed anajua jambo hilo vizuri sana, na ndiyo maana kitabu chake kinaumiza: msichana ametoka nyumbani kwa baba lakini hajatoka kwenye hesabu za baba.

Mwajuma hana hesabu na Raza. Hamjali hata kidogo. Na hapa ndipo *Vuta N'kuvute* inapoachana na vile vitabu vingine viwili. Zakaria anamfuata Rosa mpaka mbele ya Mungu. Maksuudi anamfuata Maimuna kwa jina na kwa kisasi. Bwana Raza anaachwa nyuma. Shafi hamwadhibu sana wala hampi nafasi ndefu ya kujitetea. Anamwacha na duka lake, na kurasa nyingi zilizobaki ni za Yasmini kupenda mtu ambaye moyo wake umechukuliwa na siasa, kuogopa polisi, kukosea, kujifunza mji ambao alikuwa akiuona kwa dirishani, kupenda tena. Mengine anayoyafanya ni ya kipumbavu. Hakuna hata moja linalomhitaji Raza awe mbaya.